Ametulia Mpaka Tarehe Thelathini na Moja

Jumanne, 2 Machi

Kwako Fundi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nakujua utasahau, nimeitikia mapema.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuongei. Nikikuuliza Mama anaendeleaje unanijibu "mzima, mzima" kwa sauti ya mtu anayeuza nguo yenye tundu, na sikulaumu, maana Mama yuko upande wa pili wa pazia na anasikia kila neno. Kiharusi kilichukua mkono na mguu, masikio kikayaacha. Basi tuandikiane, barua haina sauti.

Nimekuambatanishia jedwali. Usitoe macho. Ni lile lile ninalopangia zamu za watu mia na sitini hapa kiwandani, nimelibadilisha tu. Kila siku ina mistari minane, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kila baada ya saa mbili, mpaka saa mbili usiku. Kila mstari una visanduku vitano: Dawa, Chakula, Kugeuzwa, Choo, Hali. Tarehe na saa nimeshakuwekea mwezi mzima. Wewe unajaza, mwisho wa mwezi unanitumia, na mimi nalipeleka kwa msimamizi wa wauguzi wa majumbani, yule mwenye ofisi huku mjini, anayetuletea nesi huko nyumbani Jumanne na Ijumaa.

Daktari alisema Mama asipogeuzwa kila baada ya saa mbili ngozi itaoza. Nataka kuona kwamba anageuzwa. Sikushuku, Fundi. Niko mbali, nimechoka kukisia, nataka kitu cha kutazama.

Mwaka na miezi miwili unashona huku unauguza. Pole sana.

Dada yako


Jumapili, 7 Machi

Dada,

Shikamoo. Hiyo ni ya leo na ya Jumanne.

Jedwali limefika. Minane mara tano ni arobaini. Visanduku arobaini kwa siku, dada, na mimi naandika kwa kidole kimoja, kile kilichotobolewa sana na sindano. Kwa muda niliotumia kuijaza Jumatano ningeshona suruali mbili na kuzipiga pasi.

Lakini nimejitahidi, utaona. Jumatano saa sita mchana, Chakula: "Vijiko vitatu, cha nne akakitema kwenye shati la mteja." Alhamisi saa nane: "Amesema hana njaa, halafu akaniuliza kama mimi nimekula. Sikuwa nimekula." Ijumaa, kwenye Hali: "Amelia kidogo, hataki kusema kwa nini. Nesi alipoingia akacheka naye."

Huyo nesi Mungu amweke. Akifika saa nne, napanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, natandika koti la mtu, nalala mpaka saa sita. Ndiyo likizo yangu, saa mbili Jumanne na saa mbili Ijumaa. Wateja wamezoea, wananikuta nimelala juu ya vitambaa vyao na wanaondoka taratibu.

Nimeambatanisha wiki ya kwanza. Niambie kama ndivyo ulivyotaka.

Mdogo wako,
Fundi


Jumanne, 9 Machi

Kwako Fundi,

Marahaba mara mbili.

Ile ya shati la mteja nilicheka peke yangu kwenye mapumziko ya chai, watu wakanigeukia. Halafu nikakasirika kidogo. Ndugu yangu, kisanduku si mahali pa hadithi. Msimamizi ana familia hamsini, hatasoma nani kaulizwa kama amekula. Anataka neno moja. Andika "Amekula" au "Hakula". Andika "Ametulia" au "Hajatulia". Kugeuzwa, "Ndiyo" au "Hapana". Basi.

Na kwa kuwa unalia juu ya hicho kidole chako, nikufundishe njia za mkato zilizoniokoa mimi. Andika neno kwenye kisanduku cha juu. Shikilia kitufe cha Shift, shuka na mshale wa chini mpaka unapotaka kuishia. Halafu bonyeza Ctrl na D kwa pamoja. Vyote vya chini vinajaa neno la juu. Ukitaka kwenda kulia badala ya chini, ni Ctrl na R. Na kama visanduku vimetawanyika, vichague kimoja kimoja ukiwa umeshikilia Ctrl, andika neno mara moja, halafu bonyeza Ctrl na Enter badala ya Enter peke yake. Vinajaa vyote kwa mpigo. Ukikosea, Ctrl na Z, kosa linafutika na hakuna aliyeliona.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa naandika zamu moja moja mpaka macho yanawasha. Aliyenifundisha vitufe hivi nilitaka kumkumbatia.

Jaribu, uniambie.

Dada yako


Jumapili, 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Na mimi nataka kumkumbatia huyo aliyekufundisha.

Leo nimejaza siku nzima kabla maji ya chai hayajachemka. Nimeandika "Ndiyo", nimeshuka na mshale, Ctrl na D, kwisha. Nilimsogezea Mama kompyuta kitandani nikamwonyesha. Akasema "Hee!" Ndilo neno refu zaidi alilosema wiki hii na amelisema vizuri kabisa.

Jumatano hakula saa sita lakini alikula saa nane. Nikaona ni yale yale, nikaacha "Amekula" ishuke.

Unakuja lini? Ulisema likizo yako ni Aprili. Mama anaulizia, kwa macho.

Mdogo wako,
Fundi


Ijumaa, 2 Aprili

Kwako Fundi,

Jedwali la Machi limenipendeza mpaka nimelichapisha nikalibandika juu ya meza yangu kazini. Mistari yote imejaa, hakuna pengo hata moja. Nimelipeleka kwa msimamizi wa wauguzi na unajua kasema nini? Kwamba familia chache sana zinaleta karatasi safi namna hii. Alipitisha kidole kwenye safu ya Hali, juu mpaka chini, "ametulia, ametulia, ametulia," akatabasamu. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu, fundi cherehani, amezoea kunyoosha mshono.

Likizo yangu wameisogeza mpaka Juni. Zamu zimepungukiwa watu na bila mimi hapa pataharibika. Nisamehe. Mwambie Mama, kwa upole.

Nimefurahi kwamba mambo yamekaa sawa.

Dada yako


Jumapili, 4 Aprili

Dada,

Sawa. Juni si mbali.

Mama ametulia.

Fundi


Jumatatu, 19 Aprili

Kwako Fundi,

Siku hizi barua zako zimekuwa fupi kuliko visanduku. Nadhani ni kazi nyingi, na kazi nyingi kwa fundi ni heri.

Nina habari njema. Msimamizi amenipigia leo. Kwa jinsi jedwali linavyoonyesha, Mama yuko kwenye hali nzuri kuliko wagonjwa wengine wote kwenye orodha yake. Anakula, anageuzwa kwa wakati, hana kidonda, ametulia. Kwa hiyo kuanzia tarehe mosi Mei nesi atahamishiwa kwa familia nyingine ambayo mgonjwa wao yuko taabani, na sisi tutaendelea wenyewe, kwa kuwa tumeonyesha tunaweza.

Nimemshukuru kwa niaba yako. Nilijisikia fahari, Fundi. Miaka yote hii nyumbani kwetu ndiko kulikokuwa kunahurumiwa, leo tumetoa nafasi kwa wengine.

Dada yako


Jumatano, 21 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Tafadhali waambie wamwache nesi. Waambie hata kama ni mara moja kwa wiki. Wapigie leo.

Fundi


Ijumaa, 23 Aprili

Kwako Fundi,

Marahaba. Barua ya mistari miwili na hakuna sababu hata moja ndani yake. Niwaambie nini? Nimewapelekea mwenyewe karatasi inayosema Mama hana shida, sasa niwapigie niseme tuna shida? Shida ipi? Kila ninachokiona mimi ni "Ametulia".

Au kuna jingine? Maana nimekaa nikawaza. Mwanamume hajaoa, yuko ndani mwaka mzima, nesi anakuja mara mbili kwa wiki. Kama ni hilo, useme tu, mimi si mtu wa kuzuia heri. Mwombe namba ya simu kama watu wengine, usitumie ugonjwa wa Mama.

Natania. Lakini kama ni uvivu, hapo sitanii.

Dada yako


Jumapili, 2 Mei

Dada,

Nesi ana wajukuu wanne.

Ijumaa amekuja kuaga. Mama alimshika mkono, ule mkono wake mmoja mzima, na hakutaka kuuachia. Nikalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja.

Jedwali la Aprili nimeliambatanisha.

Fundi


Alhamisi, 6 Mei

Fundi,

Sikuamkii na sikuitikii.

Umekosea faili. Hukunitumia la Aprili, umenitumia la Mei. Nilidhani nitakuta siku moja imejazwa, au mbili. Leo ni tarehe sita. Nimekuta mwezi wote umejaa. Nimeshuka mpaka chini kabisa. Tarehe kumi na tisa, saa nane mchana, Mama amekula. Tarehe ishirini na sita, saa mbili asubuhi, amegeuzwa. Tarehe thelathini na moja ametulia. Umejuaje? Umeota?

Na safu ya Choo: "Ndiyo" mara nane kwa siku, siku thelathini na moja. Hata mtoto mchanga hafanyi hivyo.

Nimekaa na karatasi hii kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Sijui sasa kipi ni kweli. Sijui kama Mama alikula hata siku moja. Kila nilipofika kazini bila kulala nilikuwa naitazama ile karatasi ya Machi ukutani na nafsi inatulia.

Niambie ukweli wote. Nimekuomba kwa heshima.

Dada yako


Jumamosi, 8 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nilianza kukujibu kwa uongo mwingine, kwamba nilikuwa najaribu vitufe tu, kwamba kompyuta ina wazimu. Nikachoka hata kudanganya.

Machi ni kweli mpaka tarehe ishirini hivi, au karibu na kweli. Halafu kuna Jumatatu moja nilikuwa na sare kumi na mbili za wahudumu wa hoteli, zinatakiwa kesho yake. Nilisinzia juu ya cherehani. Nilipoamka ilikuwa saa kumi alasiri, na mara ya mwisho kumgeuza ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikwenda mbio nyuma ya pazia. Mama alikuwa macho. Nikamuuliza kwa nini hukuniita? Akasema, "Ulikuwa umelala." Alikaa amelalia upande mmoja saa sita nzima ili mimi nilale, dada. Nikamgeuza, ngozi imechapika mikunjo ya shuka. Halafu nikaenda kwenye jedwali nikaandika "Ndiyo" kwenye mstari wa kwanza wa siku ile, nikashuka nayo mpaka chini, Ctrl na D. Nikangoja nijisikie vibaya. Sikujisikia kitu, nilitaka kulala tu.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Ukishaweza siku moja, unaweza wiki.

Ukweli wenyewe ni huu. Mchana hali chakula. Amekataa tangu mwanzo wa Aprili, anafunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Asubuhi anakunywa nusu kikombe cha uji, jioni kidogo. Nesi hakujua kwa sababu anaondoka saa sita kabla ya chakula, na kwake Mama alikuwa anacheka. Kumgeuza nilikuwa namgeuza mara nne, siku nzuri mara tano. Na kidonda kimeanza. Kimetokea Jumatatu, siku tatu baada ya nesi kuondoka, kwenye nyonga ya kushoto. Kilikuwa kama kifungo cha shati. Leo ni kifungo cha koti.

Hiyo Mei nakuambia pia. Jumapili ile nilikaa nijaze asubuhi tu. Nikashikilia mshale, ukashuka, na sikuuachia. Naona tarehe tano inapita, kumi, ishirini. Nikaufikisha mwisho, nikabonyeza. Mwezi mzima ukajaa. Hakuna anayelia ndani yake, hakuna anayenuka, hakuna anayekataa chakula. Nikautazama ule mwezi muda mrefu. Nilitamani nihamie humo. Nilijua natakiwa kuufuta na nikaona acha kwanza niutazame, ndipo nikachanganya mafaili.

Uliniuliza sababu ya kumtaka nesi, nikashindwa kuandika neno moja tu, "nimechoka". Ningeandikaje, wakati karatasi yangu mwenyewe imeshakuambia kwamba tuko sawa? Nilijifungia mlango nikiwa nje.

Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka mteja akiniambia suruali imembana natamani kulia. Nampenda Mama, usifikirie vinginevyo. Lakini kuna asubuhi nasikia ananiita na nakaa dakika tano bila kuitika, nahesabu.

Nigombeze tu, ninastahili.

Fundi


Jumanne, 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Marahaba ya zote nilizokunyima.

Sina nguvu ya kukugombeza na sina haki. Nisikilize na wewe.

Ile safu ya Choo niliiona tangu mwanzo wa Aprili, ulipoleta jedwali la Machi. Kuanzia tarehe ishirini na mbili, "Ndiyo" mara nane kwa siku, mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa majedwali, Fundi. Kazi yangu ni kumkamata kiongozi wa zamu aliyejaza mahudhurio ya wiki nzima Jumatatu asubuhi. Nalijua jedwali la uongo kwa kulitazama kutoka mlangoni. Nililiona lako, nikajifanya silioni, nikalichapisha nikalibandika ukutani, na nikalipeleka kwa msimamizi nikiwa najua. Pale ofisini walitazama safu ya mwisho tu. Nami nilitaka waitazame hiyo hiyo.

Tena likizo haikusogezwa na mtu. Nilikuwa nayo Aprili, karatasi imesainiwa, nimeirudisha mwenyewe. Mara ya mwisho nilipokuja nilimlisha Mama, na alipomaliza akaniambia "Asante, Mungu akubariki," kama unavyomwambia mtu baki. Alidhani mimi ni mtu wa ofisi ya wauguzi. Sikukuambia. Nilirudi huku nikakuandalia jedwali, maana jedwali ningeweza kulitazama bila kutazamwa nalo.

Uliniandikia ukweli wiki ya kwanza, mpaka shati la mteja, nami nikakuambia visanduku havitaki hadithi. Nimeisoma tena barua ile na nimeona aibu.

Leo nimekwenda kwa msimamizi na barua yako. Nilimsomea sehemu ya kidonda na ya chakula. Hakunipigia kelele, alinitazama tu kwa uchovu. Nafasi ya nesi imeshachukuliwa, tumewekwa nyuma ya foleni, huenda wiki sita. Amenipa dawa ya kusafishia kidonda na karatasi ya maelekezo.

Nakuja Jumamosi. Nimechukua likizo yote iliyobaki na siku nyingine juu yake, kiwanda kitajijua. Nikifika utanionyesha kila kitu siku moja, halafu Jumatatu unaondoka. Nenda kwa rafiki yako seremala, wiki mbili, mpaka Jumapili ya tarehe thelathini. Wateja waambie fundi anaumwa, maana ni kweli.

Usibishe.

Dada yako


Jumamosi, 22 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini seremala anakupa simu yake uisome hii kwa utulivu. Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia vitambaa. Mama amelala, kwa hiyo nina dakika ishirini hivi.

Kidonda kwanza, najua ndicho unachokisubiri. Daktari amekuja Jumatano. Kimesafishwa, hakijafika ndani, kitapona kikitunzwa. Chakula cha mchana nimegundua anakubali ukikisaga na ukimwachia ashike kijiko mwenyewe. Anamwaga nusu, nusu inaingia. Bado hanijui kila wakati. Jana asubuhi alijua, akaniuliza nimenenepa lini. Mchana akaniita nesi, nikaitika.

Sasa hili. Uliondoka Jumatatu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nitakuonyesha namna inavyofanyika. Nilijiwekea kengele kwenye simu, kila baada ya saa mbili. Jumanne nimefanya zote. Jumatano zote, mgongo ukaanza kuuma. Alhamisi asubuhi amejichafua mara mbili, nikafua shuka mara mbili, mvua ikanyeshea zote mbili kwenye kamba. Kengele ya saa nane ikalia. Nikaizima. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikasema dakika tano. Ikalia ya saa kumi, nikaizima na hiyo. Namsikia Mama ndani anaguna, na sikuinuka. Nilikuwa nayatazama matope tu. Nilipoingia ilikuwa saa kumi na moja. Nilimgeuza, nikampaka mafuta.

Halafu nikafungua jedwali nijaze siku. Mstari wa saa sita una "Ndiyo". Kidole kikashuka chenyewe, saa nane, saa kumi. Nikabonyeza Ctrl na D, Fundi. Mimi niliyesafiri kutwa nzima kuja kukusahihisha. Siku ya nne tu. Wewe umekaa mwaka na miezi minne.

Nililia mpaka Mama akauliza nani kafa.

Nimelifuta nililojaza. Nimeacha pengo, na pembeni yake nimeandika "Nilikaa kwenye ngazi, sikuweza." Jana nikalituma jedwali hivyo hivyo kwa msimamizi. Alipiga simu baada ya saa moja. Alisema kwenye familia hamsini hajawahi kuletewa pengo. Nesi hatamtoa alikompeleka, lakini kuanzia Juni nesi huyo atapita kwetu Ijumaa, akitoka huko. Mara moja kwa wiki. Ndicho alichoweza.

Nisamehe kwa neno "uvivu". Niliandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye magurudumu, nina chai mkononi.

Usirudi Jumapili. Kaa wiki nyingine. Wiki hiyo nitaisikia, najua, lakini nataka niisikie.

Dada yako


Jumanne, 25 Mei

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Nilifurahi kwamba umeshindwa, siku ya nne, pale pale kwenye ngazi. Nilicheka kwa sauti mpaka seremala akazima msumeno. Naomba radhi kwa hilo. Mara ya pili nikalia. Mara ya tatu nikaisoma kawaida, kama barua ya ndugu.

Huku nalala. Siku ya kwanza nililala mpaka saa tisa mchana, nikashtuka nikainuka kwenda kumgeuza Mama, nikagonga ukuta wa watu. Sasa naanza kuzoea. Sijashona hata kifungo.

Niliwaza niandike kwamba nitarudi Jumapili, kwamba niko sawa, kwamba usijisumbue. Nilishaanza hata kuiandika. Nimeifuta. Nitakaa hiyo wiki. Nikiimaliza nataka nije tuzungumze ni nani atakaa naye miezi ipi, maana peke yangu siwezi tena, na wewe peke yako huwezi, tumeshaona wote wawili.

Saa kumi alasiri ndiyo mbaya kuliko zote. Asubuhi bado una nguvu, jioni unajua siku inaisha. Saa kumi hakuna kitu. Siku nikiweza kuinuka saa kumi, zilizobaki zinajifanya zenyewe. Mgeuze kuelekea dirishani saa hiyo, kuna mwanga, huwa anauangalia. Na kama huwezi kuinuka, mwambie. Sema "Mama, siwezi sasa hivi." Sikuwahi kumwambia. Jaribu wewe, uniandikie atakavyojibu.

Mdogo wako